Sola ya Nyumbani kwa Mstaafu: Jinsi ya Kupiga Hesabu Kabla ya Kugusa Mafao

Mtumishi anayestaafu kwa lazima akifika miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55, hulipwa sehemu ya mafao yake kwa mkupuo, na iliyobaki humjia kila mwezi kama pensheni. Mkupuo huo hutolewa macho na wengi: ndugu mwenye wazo la biashara, dalali wa viwanja, na siku hizi fundi wa sola anayeahidi kwamba ukishafunga paneli juu ya paa utaisahau TANESCO. Mwongozo huu unahusu ahadi hiyo ya mwisho. Umeandikwa kwa ajili ya mstaafu wa Tanzania Bara mwenye nyumba yake mwenyewe, iwe imeunganishwa na gridi ya taifa au ipo shambani mbali na nguzo, ambaye anataka kujua kama fedha atakazozipandisha juu ya bati zitarudi akiwa bado yupo.

Nianze na msimamo, kwa sababu hesabu zote zitakazofuata zinauegemea. Uniti moja ya umeme wa jua ina thamani ya kile inachokuondolea. Ikichukua nafasi ya uniti ya bei nafuu ya TANESCO, haina thamani kubwa hata kama jua lenyewe halitozwi. Ikichukua nafasi ya petroli ya jenereta, au ikiokoa vifaranga 300 usiku umeme umekatika, thamani yake ni kubwa mno. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu bei ya paneli. Linahusu bei ya umeme unaoutumia sasa.

Hatua ya kwanza: fahamu unalipa shilingi ngapi kwa uniti

Tafuta kwenye simu yako ujumbe wa manunuzi ya LUKU wa miezi sita iliyopita, na kama umezoea kuufuta, omba historia ya manunuzi kwenye ofisi ya TANESCO ya eneo lako. Usitumie manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo na itaharibu hesabu. Chukua manunuzi ya pili au ya tatu, kisha gawanya fedha zote ulizolipa kwa idadi ya uniti ulizopewa.

Wateja wengi wa majumbani wataangukia katika moja ya makundi mawili. Kwa viwango vilivyotangazwa na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji) mwaka 2016, ambavyo vimedumu kwa miaka mingi, mteja wa kundi la D1, la watumiaji wadogo, hulipa sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na uniti zinazozidi hapo hutozwa sh. 350. Mteja wa kundi la T1 hulipa sh. 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, uniti ya D1 inafika sh. 122, ya T1 inafika takriban sh. 356, na ile ya D1 inayozidi 75 inafika sh. 427. Ukiona risiti yako inatoa jibu tofauti, iamini risiti.

Tofauti hii ya 122 na 356 ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo ambayo wauzaji wa sola hawaigusi. Chukulia wazee wawili wanaoishi Dodoma peke yao, watoto wameshaondoka, wana friji ndogo, televisheni, taa za LED na feni, nao wanatumia uniti 62 kwa mwezi katika kundi la D1. Umeme wao wa mwezi ni sh. 7,564. Hata wangepewa mtambo ambao ungefuta gharama hiyo yote, wangeokoa sh. 90,768 kwa mwaka, na hakuna mtambo wa kuendesha friji usiku na mchana utakaorudisha gharama yake kwa kiasi hicho katika muda unaoeleweka. Kwa wazee hawa, suala la sola kama njia ya kupunguza gharama limeishia hapa. Wanaweza kuwa na sababu nyingine ya kuitaka, nami nitaifikia.

Kuna dai jingine linalosikika sana madukani, kwamba bei ya umeme hupanda kila mwaka na hivyo faida ya sola nayo itapanda. Katika nchi nyingi dai hilo ni la kweli. Hapa kwetu mstaafu anayekumbuka alichokuwa akilipa mwaka 2016 anaweza kulipima mwenyewe kwa kutazama risiti zake.

Hatua ya pili: pima uniti zako za mchana

Mtambo usio na betri huzalisha kuanzia asubuhi hadi jioni, na umeme ambao hautumiki saa ile ile unapotea. Kwa hiyo unahitaji kujua ni uniti ngapi nyumba yako inatumia wakati jua lipo. Kipimo chake ni rahisi: kwa siku saba mfululizo, soma salio la mita ya LUKU saa 12 asubuhi na tena saa 12 jioni, uandike kwenye daftari. Tofauti ya usomaji wa asubuhi na wa jioni ni matumizi ya mchana; tofauti ya jioni na asubuhi inayofuata ni ya usiku. Kama umeingiza tokeni katikati, kumbuka kuziongeza kwenye hesabu.

Hapa mstaafu ana nafuu ambayo mfanyakazi hana. Mfanyakazi huondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, nyumba yake mchana ina friji tu. Mstaafu yupo nyumbani: anaweza kupiga pasi saa 5 asubuhi, kupandisha maji kwenye tangi saa 6 mchana, na kuchemsha maharage kwenye jiko la umeme la presha kabla ya adhuhuri. Kila kazi unayoihamisha kutoka usiku kwenda mchana inaongeza faida ya paneli bila kununua kitu chochote. Pampu ya kisima ndiyo mfano bora kuliko vyote, kwa sababu maji yakishaingia tangini unayatumia hata usiku, na tangi la plastiki la lita 2,000 halichoki baada ya miaka kumi kama betri.

Hatua ya tatu: punguza kwanza, na utazame maji ya moto

Kabla ya kuzalisha uniti mpya, ziba zinazovuja. Friji la zamani ambalo mpira wa mlango umelegea linaweza kula uniti moja na nusu kwa siku, na la kisasa la ukubwa huo huo likala nusu ya hapo. Taa za zamani za nyuzi za wati 60 zibadilishwe ziwe za LED za wati 9. Haya yanajulikana, sitayarefusha.

Linalosahaulika ni hita ya maji. Kuchemsha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 22 hadi 50 kunahitaji takriban uniti 3.3. Kaya yenye watu wanne wanaooga maji ya moto kila siku Arusha, Njombe, Mbeya au Lushoto inaweza kumaliza karibu uniti 100 kwa mwezi kwa kuoga tu, yaani kama sh. 35,000 kwa mteja wa T1. Kazi hiyo hufanywa vizuri sana na hita ya jua, lile tangi lenye mirija ya vioo linalokaa juu ya paa, ambalo hupasha maji moja kwa moja bila inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani) wala betri. Kwa nyumba ya nyanda za baridi, ningeitathmini hita ya jua kabla ya paneli hata moja. Kasoro yake ni kwamba mwezi wa Juni na Julai, wakati Moshi na Arusha zimefunikwa na mawingu na baridi imekolea, ndipo hita hiyo hufanya kazi kwa unyonge zaidi. Kwa hiyo acha hita ya umeme ibaki kama msaidizi, usiing'oe.

Hatua ya nne: taja kusudi moja

Watu wengi hununua mtambo mmoja wakitarajia ufanye mambo matatu: ushushe gharama ya umeme, uwashe nyumba umeme ukikatika, na uwaondoe kabisa kwenye gridi. Kila kusudi lina vifaa vyake na hesabu yake, na anayetaka yote kwa pamoja hulipa bei ya lile la ghali zaidi.

Kama kusudi ni kushusha gharama, unahitaji paneli na inveta, na betri iwe ndogo au isiwepo. Kama ni akiba ya umeme unapokatika, kitu kikuu ni betri na inveta, na paneli ni za kuisaidia betri. Kama nyumba yako ipo shambani Kisarawe au Mkuranga, gridi ipo mbali, basi unalinganisha sola na gharama ya kuvuta nguzo. TANESCO huhesabu umbali kutoka kwenye laini: ndani ya mita 30 hakuna nguzo, hadi mita 70 nguzo moja, hadi mita 120 nguzo mbili, na zaidi ya hapo ni makadirio maalumu ambayo yanaweza kuzidi bei ya mtambo mzima wa sola. Katika hali hiyo ya mwisho, omba makadirio ya maandishi kwanza. Mara nyingi yatakupa jibu kabla hujaanza kuhesabu paneli.

Kuhusu kukatika kwa umeme, kumbuka kwamba hali hubadilika. Mgao wa mwaka 2023 uliwasukuma wengi kununua betri, kisha Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo uwezo wake ni megawati 2,115, ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Uzalishaji ukitosha, kinachobaki ni nguzo zilizooza, transfoma zilizozidiwa na mvua za masika, na hayo hutofautiana mtaa na mtaa. Andika kwa miezi mitatu ni mara ngapi umeme umekatika kwako na kwa saa ngapi. Daftari hilo litakuambia zaidi kuliko habari za taifa.

Hatua ya tano: piga hesabu yenyewe

Wati 1,000 za paneli zilizofungwa vizuri huzalisha takriban uniti 4 kwa siku katika sehemu nyingi za nchi, zaidi kidogo Dodoma na Singida, pungufu kidogo Pwani wakati wa masika. Tumia 4, usimkubali fundi anayekuambia 6.

Sasa chukua nyumba ya mstaafu Kibaha: kisima chenye pampu, friji mbili kwa sababu mama mwenye nyumba anauza maji ya kunywa na barafu, wajukuu watatu, na matumizi ya uniti 180 kwa mwezi katika kundi la T1, sawa na sh. 64,080. Tuseme amepewa nukuu ya bei ya sh. milioni 2.2 kwa paneli mbili za wati 550 na inveta, bila betri. Bei hii ni ya mfano tu, weka ya kwako. Paneli zitazalisha kama uniti 4.4 kwa siku, na kwa kipimo cha daftari lake tuseme uniti 3 ndizo zitakazotumika mchana. Hizo ni uniti 90 kwa mwezi, sh. 32,040, au sh. 384,480 kwa mwaka. Ukigawanya milioni 2.2 kwa kiasi hicho unapata miaka 5 na miezi 9 hivi.

Wengi huishia hapo na kufurahi. Lakini milioni 2.2 hiyo ingeweza kukaa kwenye hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, ambako kiwango cha chini ni sh. milioni moja, au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ikakupa faida kila mwaka huku mtaji ukibaki. Mtaji wa sola haubaki. Paneli iliyotumika miaka 15 huwezi kuiuza kwa bei ya maana. Kwa hiyo mtambo lazima ukurudishie mtaji na pia faida ambayo fedha hizo zingeleta kwingine. Ukichukua faida ya asilimia 12 kwa mwaka kama kipimo, kila sh. milioni moja unayoiweka kwenye kifaa kinachodumu miaka 15 inapaswa kukuokolea takriban sh. 147,000 kwa mwaka, na kwenye kifaa kinachodumu miaka 10 inapaswa kukuokolea takriban sh. 177,000. Chini ya hapo, hatifungani imekushinda.

Kwa mstaafu wa Kibaha mwenye milioni 2.2, 2.2 mara 147,000 ni sh. 323,400. Mtambo wake unaokoa sh. 384,480. Umepita, ingawa si kwa mbali. Sasa weka nyumba hiyo hiyo kwenye kundi la D1 kwa ajili ya kulinganisha tu: uniti 90 za sh. 122 ni sh. 131,760 kwa mwaka, ambayo haifiki hata nusu ya kinachotakiwa. Paneli ni zile zile, jua ni lile lile.

Umri nao unaingia hapa bila kuonewa haya. Mwenye miaka 60 na afya njema anaweza kutumia kipimo cha miaka 15. Mwenye miaka 72 atumie cha miaka 10 hata kwa paneli, isipokuwa kama nyumba ina mtoto au mjukuu atakayeendelea kuishi humo na kufaidi. Hapo mtambo ni sehemu ya urithi na hesabu inaweza kurefushwa. Mzee anayepanga kuuza nyumba ya mjini na kurudi kijijini ndani ya miaka michache asifunge kitu kikubwa, kwa kuwa mnunuzi wa nyumba huangalia kiwanja, hati na barabara kabla ya paneli.

Kuna hali moja inayobadilisha kila kitu, nayo ni ya mteja wa T1 aliye karibu na mpaka wa uniti 75. Anayetumia uniti 110 kwa mwezi hulipa sh. 39,160. Akipunguza uniti 40 kwa paneli ndogo na kwa kuhamishia kazi mchana, atabaki na uniti 70. Akikubaliwa kuhamia D1 atalipa sh. 8,540 tu. Hapo uniti 40 za jua zimeokoa sh. 30,620, zaidi ya sh. 760 kila moja. Ila kuhamishwa kundi huombwa ofisini, wao hutazama wastani wa matumizi yako, na uamuzi ni wao. Faida hii usiihesabu mpaka risiti yako ioneshe bei mpya.

Msomaji aliyestaafu Kenya atapata majibu yaliyochangamka zaidi. Uniti ya mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi hupita sh. 25 za Kenya ukijumlisha kodi na tozo, na Kanuni za mwaka 2024 za kubadilishana umeme na gridi zinamruhusu mwenye paneli kupata nusu ya uniti anazozirudisha kama mkopo wa matumizi. Njia ya hesabu ni hii hii.

Hatua ya sita: itenge betri kwenye hesabu yake

Betri ndiyo inayowafilisi watu, kwa sababu bei yake hufichwa ndani ya bei ya mtambo mzima. Itenge. Tuseme mstaafu wa Kibaha anaongezewa betri ya lithiamu yenye uniti 2.5 kwa sh. milioni 1.5. Ikiwa inajaa kila siku, kwa usiku mmoja atatoa humo kama uniti 2, na kwa miaka 10 kama uniti 7,300. Gawanya: sh. 205 kwa uniti, kwa kuihifadhi tu. Mteja wa D1 anayelipa sh. 122 anapata hasara kila anapoitumia.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 huonekana rahisi zaidi dukani. Ina uniti 2.4 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usitoe zaidi ya nusu, yaani uniti 1.2. Kwa joto la Dar es Salaam au Tanga, miaka mitatu ya kuitumia kila siku ni bahati. Kwa bei ya mfano ya sh. 500,000, hiyo ni takriban sh. 380 kwa uniti, zaidi ya bei ya TANESCO yenyewe. Betri ya namna hii inafaa kwa mtu ambaye umeme wake hukatika mara chache na anataka taa na televisheni tu, ili ikae imejaa muda mwingi na kutumika kwa nadra.

Turudi kwa Kibaha na lithiamu yake. Paneli na inveta zinahitaji sh. 323,400 kwa mwaka, na betri, kwa kipimo cha miaka 10, inahitaji sh. 265,500, jumla sh. 588,900. Kwa betri, atatumia uniti 4 kwa siku badala ya 3, kwa kuwa paneli zake hubakiza uniti 1.4 tu za kuijaza na sehemu yake hupotea njiani; ataokoa sh. 512,640. Anapungukiwa sh. 76,260 kwa mwaka, kama sh. 6,400 kwa mwezi. Siiti hasara. Hiyo ni ada ya kutokukaa gizani, na sasa mzee anaweza kujiuliza kwa uwazi kama yuko tayari kuilipa. Anayehifadhi insulini, ambayo hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, atailipa bila kusita. Anayelea vifaranga wa kuku wa nyama chini ya taa za joto akumbuke kwamba taa hizo hula umeme mwingi usiku kucha na betri ndogo haitafika alfajiri. Yeye apate jiko la mkaa la akiba, na betri aitumie kwa mwanga. Wale wazee wa Dodoma wenye gharama ya sh. 7,564 nao, kama giza linawakera, wanunue betri ndogo yenye inveta ya taa, televisheni na feni, wakijua wananunua raha na si akiba ya fedha.

Kwa mwenye jenereta hesabu ni fupi. Jenereta dogo la petroli linaweza kunywa karibu lita moja kwa saa huku likitoa uniti moja au zaidi kidogo. Uniti hiyo ni ghali mara kadhaa kuliko ya T1 hata kabla ya oili na matengenezo. Kama unaliwasha kila wiki, betri na paneli zitalishinda mapema.

Hatua ya saba: paa, pepo za bahari na nafasi ya kuweka

Tanzania yote ipo kusini mwa ikweta, hivyo paneli zielekee kaskazini, zikiinama kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe vumbi. Paneli ya wati 550 ina uzito wa karibu kilo 27. Ipeleke kwenye paa lenye mbao zilizoliwa na mchwa na utakuwa umenunua shughuli nyingine. Kabla ya kusaini chochote, mpandishe fundi seremala darini akague kenchi, na kama bati ni la geji 30 lililoanza kutoboka, tengeneza paa kwanza, maana kuzishusha paneli baadaye ni gharama. Pwani, vishikizo viwe vya alumini na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Ushauri ambao mafundi hawaupendi: mstaafu asifunge paneli mahali asipoweza kupafikia. Vumbi la kiangazi la Dodoma au Shinyanga hupunguza uzalishaji kwa kiasi cha kuonekana, na paneli zinahitaji kufutwa. Mtu wa miaka 68 hana kazi juu ya paa. Banda la gari, kibaraza au fremu ya chuma uani, ndani ya ukuta na mbali na kivuli cha mwembe, ni bora zaidi hata kama waya utarefuka kidogo.

Hatua ya nane: nukuu, fundi na malipo

Omba nukuu tatu za maandishi, na kila moja itaje: wati za kila paneli na idadi, aina ya betri na uniti zake, uwezo wa inveta, unene wa nyaya, breka za upande wa paneli na wa betri, waya wa ardhini na kinga ya radi. Nukuu inayosema "mtambo wa sola kamili" na bei chini yake irudishe. Anayefunga awe na leseni ya ufungaji umeme ya EWURA. Mwombe akuoneshe, aliye nayo haoni tabu.

Uliza maswali mawili ambayo yatamtofautisha fundi na mchuuzi. La kwanza: je, inveta hii inachanganya jua na TANESCO kwa wakati mmoja, au inachagua kimoja? Inayochagua itakunyima sehemu kubwa ya faida, kwa sababu pampu ikihitaji zaidi ya kinachotoka kwenye paneli, itahamia TANESCO kwa kila kitu. La pili: mtazuiaje umeme usirudi kwenye mita? Baadhi ya mita za malipo ya awali husoma umeme unaorudi kana kwamba umeutumia, ukajikuta unalipia jua lako mwenyewe. Habari za kuiuzia TANESCO umeme wa ziada ziache mpaka uwe na mkataba wao wa maandishi mkononi.

Pampu ya kisima huvuta umeme mara kadhaa zaidi inapoanza kuzunguka. Inveta ipimwe kwa mwanzo huo. Taka waiwashe pampu mbele yako, friji zikiwa zimewaka.

Paneli bandia zinatambulika kwa utepe wa kupimia. Paneli nzuri za sasa hutoa karibu wati 200 hadi 220 kwa mita moja ya mraba. Ukioneshwa paneli iliyoandikwa wati 300, lakini urefu mara upana wake ni chini ya mita 1.3 za mraba, maandishi hayo yatilie shaka.

Lipa kwa awamu: sehemu vifaa vikishafika na kukaguliwa, sehemu mtambo ukiwaka, na iliyobaki baada ya wiki mbili za kazi. Dai risiti ya EFD yenye majina na namba za vifaa, kwa kuwa bila hiyo dhamana ya miaka mitano au kumi haina pa kushikia.

Na usikope. Mabenki hutoa mikopo kwa wastaafu inayokatwa kwenye pensheni, na hesabu yetu ya Kibaha ilipita kwa tofauti ndogo ikiwa na fedha taslimu. Riba ikiingia, huenda isipite. Mipango ya kulipa kidogo kidogo kwa simu inafaa kwa taa na redio shambani. Kabla ya kusaini, jumlisha malipo yote uyalinganishe na bei ya taslimu.

Hatua ya tisa: baada ya kufunga

Endelea na daftari. Kila mwisho wa mwezi andika uniti ulizonunua, na ulinganishe na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, si mwezi uliopita tu, kwa kuwa joto la Januari na baridi ya Julai hubadilisha matumizi. Miezi mitatu ikipita bila akiba kufika angalau robo tatu ya makadirio, mwite fundi wakati bado ana dhamana ya kazi.

Mwenye betri ya milioni 1.5 atenge sh. 12,500 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza, kwenye akaunti au mfuko usioguswa; baada ya miaka 10 bei ya betri mpya itakuwa imekamilika bila kuigusa pensheni. Risiti, mchoro wa nyaya, namba ya fundi na maelezo ya kuzima mtambo wakati wa dharura vikae kwenye faili moja pamoja na hati ya nyumba, na mke au mume, pamoja na mtoto mmoja anayeishi karibu, wafundishwe ni breka ipi inazimwa kwanza.